Ajali ya Mtini Ina Kinga

(Hotuba niliyoitoa Pangani mbele ya wakwezi wa minazi na wakata miti wa Pangani, Muheza na Tanga mjini. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa kazini siku ile na waliokosa nauli.)

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nawashukuru kwa kuiacha kazi leo. Mtu anayelipwa kwa mnazi, siku asiyokwea hakiingii kitu nyumbani, na hilo nalijua vizuri. Nawashukuru zaidi mama zangu mliokuja. Mkwezi akianguka, ninyi ndio mnaobaki na mgonjwa. Nitakayoyasema mwishoni ni yenu hasa, kwa hiyo naomba msiondoke mapema.

Kuna msemo mmoja nataka tuutazame leo. Ajali haina kinga. Nani hapa hajausikia? Tumeusikia wodini, tumeusikia matangani, tumeusikia kwa mwenye shamba anapotoa ubani. Kijana ameanguka, watu wamekusanyika, mzee mmoja anasema ajali haina kinga, wote wanaitikia, tunazika. Kesho yake mwingine anakwea mnazi wa jirani kwa kamba ile ile.

Ndugu zangu, kadari ya Mwenyezi Mungu naiamini. Lakini macho niliyo nayo ni Yeye aliyenipa, na sikupewa nifumbe ninapofika chini ya mti. Ninalotaka kuwaambia leo ni moja: ajali nyingi za kazi yetu huonekana chini kabla hazijatokea juu. Kinga ipo. Ipo chini ya mti, kabla mguu haujaacha ardhi.

Kwanza tukubaliane tunacheza na nini. Mnazi wetu mrefu unafika mita 20, na mingine inapita hapo. Mtu akiachia mkono kwenye mita 20, anafika chini kwa sekunde mbili, kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Wengine mtasema, mimi siendi huko, mimi napogoa miembe, mita 10 tu. Mita 10 tu? Ukianguka mita 10 unafika chini kwa kilomita 50 kwa saa. Ule ndio mwendo wa kibao cha barabarani penye makazi. Nani kati yetu angekubali kusimama katikati ya barabara agongwe na gari kwa mwendo wa kibao? Basi mita 10 si "tu".

Mimi kazi nilifundishwa na mjomba wangu, ng'ambo ya mto, kule Bweni. Mjomba alikuwa haukwei mnazi mpaka auzunguke. Anaanza na shina, analigonga kwa mgongo wa panga kutoka magotini mpaka usawa wa kichwa, anasikiliza. Shina zima linajibu kwa sauti nzito, fupi. Shina lililooza ndani linajibu kama debe. Halafu anatazama vidato vya zamani, vile vya kukanyagia wakati wa kukwea. Mnajua tulivyo, kila mkwezi anachonga vyake, na kila kidato ni kidonda kinachopokea maji ya masika na wadudu. Anaingiza kidole gumba kwenye kidato. Kikizama, ameshaujua mnazi ule. Kisha anarudi nyuma hatua kadhaa na kutazama kilele: makuti ya katikati yamesimama au yameinama? Yana mikato ya pembe tatu, kama mtu kayakata kwa mkasi? Hiyo ni kazi ya mbawakawa mwenye pembe, anayetoboa moyo wa mnazi. Kuna nyuki wanaoingia na kutoka? Kuti kavu gani limening'inia, na litaangukia wapi?

Siku moja alizunguka mnazi, akagonga, akatazama, akamwambia mwenye shamba: huu siukwei, ukate. Mwenye shamba akakasirika, akamwita mvivu, akamleta kijana mwingine. Yule kijana alipanda vizuri, alikuwa hodari kuliko sisi wote. Akafika juu. Sasa wakwezi mnajua, pale mkono unapoliacha shina na kulishika kuti ndipo penye hatari kuliko mahali pengine pote. Kuti bichi lina kitako kipana kilicholikumbatia shina, ukilivuta linakubeba. Kuti lililogeuka kahawia limeshaachia kwa ndani hata kama kwa nje linaonekana limekaa. Kijana akashika la kahawia, kwa sababu katika kilele kile kilichokuwa kimekufa nusu, makuti mabichi yalikuwa mbali na mkono wake. Alivunjika nyonga. Tulipokwenda kumwona, watu walisema nini? Ajali haina kinga. Jamani, ule mnazi uligongwa! Ulitazamwa! Ulikataliwa! Ile ajali ilikuwa na kinga, na kinga ile ikaitwa uvivu.

Kwa hiyo wenye mashamba mlioko hapa, nawaomba kwa heshima: mkwezi akikwambia mnazi huu siukwei, usitafute mwingine wa kuukwea. Tafuta wa kuuangusha.

Na kamba je? Kamba itazameni. Mkoa wetu ni wa katani, wengi tunakwea kwa kamba ya katani, na katani ikilala kwenye unyevu inaoza kuanzia ndani. Kuitazama kwa nje hakutoshi. (Hapa niliichukua kamba ya kijana mmoja aliyekaa mstari wa mbele.) Ishike kwa mikono miwili, isokote kinyume na ilivyosukwa, ifunguke. Mnaona ndani? Mnaona weusi huu? Unga huu? Nusa. Inanuka ukungu. Kijana huyu amekuja nayo leo asubuhi akitoka kazini. Na ile ya manila, ya buluu, adui yake ni jua. Ikianza kutoa vumbi jepesi mkononi, kafungie mbuzi.

Nyoka, nyuki na maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, sitawachosha nao, mnawajua. Machache tu. Nyoka anakaa kwenye vilifu, zile nyuzi kama gunia kwenye vitako vya makuti, na kwenye makuti makavu yaliyolala juu ya kilele, kwa hiyo vichokonoe kwa ngoe, ile fimbo yenye kulabu, kabla hujaingiza mkono. Nyuki, mwiteni mrina asali aje usiku. Mtu aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, na mngurumo na moshi wa chenso, ule msumeno wa injini, huwachokoza zaidi. Maji moto wanauma, ndiyo, lakini msiwachome moto. Hao ndio wanaomla na kumfukuza mdudu anayefyonza vidaka, yaani nazi changa, vikadondoka vingali vidogo. Vaa shati la mikono mirefu, ukwee. Na utomvu: wa mwembe na wa mkorosho unababua ngozi, wa mnyaa unaweza kupofusha jicho. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi, halafu hospitali. Usisubiri kesho.

Nakuja kwenye umeme, na hapa naomba ndugu zangu wa mjini mnisikilize.

Zile nyaya za juu kabisa, kwenye nguzo kubwa, ni za volti 11,000 au 33,000. Hazina ganda. Nyingine tunadhani zina ganda kwa sababu zimeshika weusi wa moshi na vumbi. Na umeme wa nguvu ile hausubiri uuguse. Ukisogea karibu mno unakurukia. Kuti bichi lina maji, tawi bichi lina maji, ngoe ya chuma ndiyo kabisa. Kuna kijana mmoja alikuwa anaangua madafu nyuma ya duka. Mnazi wenyewe ulikuwa mbali na waya, na yeye mwenyewe alikuwa mbali na waya. Alikata kuti refu, upepo wa kusi ukalisukuma, ncha ikaegemea waya huku kitako kikiwa bado mkononi mwake. Kuti ni refu! Lina mita nne, tano. Je, ukiwa chini uliuliza kuti hili nikilikata litafika wapi? Waliomwona wanasema hakupiga hata kelele.

Kanuni yangu ni hii. Wewe, chombo chako, na kile unachokikata, vyote vitatu vikae zaidi ya mita tatu kutoka kwenye waya. Kama haiwezekani, umeme uzimwe kwanza. Nenda TANESCO, eleza, subiri wakate laini, ndipo upande. Mwenye nyumba akisema hiyo itachukua siku nyingi, mwambie siku hizo ni chache kuliko arobaini yangu. Na waya ukianguka chini, usikimbie kwa hatua ndefu. Ardhi yenyewe inakuwa na umeme, na mguu mmoja ukiwa mbali na mwenzake, umeme unapita kwako kutoka mguu hadi mguu. Bana miguu pamoja, jiburute kidogo kidogo mpaka uwe mbali.

Sasa nataka kumsema mtu ambaye hatumlipi vizuri, hatumfundishi, na mara nyingi ni mtoto wa jirani aliyepita tu. Mtu wa chini.

Mtu wa chini kwetu anafanya nini? Anaokota nazi. Anaburuta matawi. Anashika simu ya aliye juu. Nazi ya kukomaa yenye makumbi yake ikidondoka toka juu, inafika kwa mwendo ule ule wa kilomita 70, na yeye kainama anaokota bila kofia ngumu. Gogo bichi la mwembe, unene wa sentimeta 30 na urefu wa mita mbili, lina zaidi ya kilo mia moja. Na yeye yuko chini yake akiuliza, bado?

Nitawapa mfano wa mtu wa chini aliyeijua kazi. Ilikuwa Raskazone, Tanga mjini, kwenye mti mkubwa wa mkungu uliokuwa umelalia paa. Aliye juu alikuwa na mkanda, na kamba yake ilipita kwenye tawi nene juu yake ikarudi mpaka chini ya shina. Pale chini haikukazwa kwa fundo lisilofunguka. Ilizungushwa kwa namna inayoachia taratibu hata ikiwa na uzito. Tawi likakatika, likayumba, likampiga kichwani juu ya kofia. Akapoteza fahamu, akabaki ananing'inia.

Mnajua mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anakuwaje? Miguu haichezi, damu inajaa miguuni hairudi juu, na dakika chache zinatosha kumwua ingawa hana hata mkwaruzo. Majirani walikuwa wanapiga mayowe na kurekodi kwa simu. Mwingine anapiga 114 kuwaita zimamoto, na alifanya vyema. Lakini zimamoto wangefika saa ngapi? Mtu wa chini hakupiga mayowe. Alizima chenso iliyokuwa inaning'inia, akawaondoa watu, akaenda kwenye shina, akaanza kuiachia kamba. Taratibu. Mwenzake akashuka mpaka mikononi mwake. Yuko hai leo na anakula jasho lake. Kilichomwokoa kilifungwa chini asubuhi, kabla hajapanda.

Nawauliza: leo ukizimia juu, nani atakushusha? Usinijibu mimi. Mjibu mkeo ukifika nyumbani.

Jambo linalofuata wengi hamlihesabu kuwa la usalama. Ni namna tunavyokata.

Tunaitwa mtu akisema mwembe wangu umekuwa mrefu, ukate kichwa. Tunaukata kichwa, matawi yote, unabaki kama nguzo. Mwenye nyumba anafurahi. Baada ya mwaka unachipua machipukizi mengi yaliyonyooka, na yanakua haraka mno. Lakini yameshikia wapi? Yameshikia gandani, pembeni ya kidonda, na kidonda chenyewe kinaoza kwenda chini. Miaka michache baadaye yana unene wa paja, mwenye nyumba anaita tena, na kijana mwingine anapanda, anafunga kamba yake kwenye lile chipukizi akiamini ni tawi. Halina mzizi ndani ya shina! Linabanduka na yeye. Aliyemwangusha ni nani? Ni sisi, tuliopita pale kabla yake.

Kulikuwa na Mmarekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa chenso ili aone vidonda vyake kwa ndani. Alichoonyesha ni kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Unakizungushia ukuta, kisha unaendelea kukua nje ya ukuta huo. Ukuta huo una mahali pake: ule uvimbe mdogo pale tawi linapotokea kwenye shina. Ukikata kwa kuufyeka uvimbe ili shina libaki laini, umeubomoa ukuta. Ukiacha kigutu kirefu, kigutu kinaoza na kuupeleka uozo ndani. Kata nje kidogo tu ya uvimbe. Na tawi zito lisikatwe mara moja. Kwanza chale ya chini, mbali kidogo na shina. Kisha kata ya juu, mbele kidogo ya chale, tawi lianguke bila kuchuna ganda. Kisha ondoa kigutu. Kata tatu. Inachukua muda zaidi, ndiyo. Nami nasema mwenye nyumba alipe huo muda.

Na miti iliyoangushwa na upepo ni hatari kuliko iliyosimama. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia na pwani Mei 2024, watu walichukua chenso wakaenda kusafisha. Mti uliolala na mizizi imeinuka umekaza kama upinde uliovutwa. Ukikata shina karibu na mizizi, kisiki kinaweza kurudi kusimama kwa ghafla kwenye shimo lake. Mtu aliyejificha kivuli nyuma ya mizizi ile, au mtoto anayecheza shimoni, hana pa kutokea. Kabla hujakata, uliza: upande gani umebanwa, upande gani umevutwa? Simama upande ambao mti hautakwenda. Na ncha ya bao la chenso isiguse kitu usichokiona. Ikigusa, msumeno unaruka kurudi usoni, upesi kuliko mkono wako.

Neno moja la Ramadhani, maana inakaribia. Mwezi ule nazi zinatakiwa kuliko mwezi wowote, na sisi tunakwea tumefunga. Sisemi mtu asifunge. Nasema, kweeni mapema, baada ya alfajiri, daku ikiwa bado tumboni. Saa saba mchana jua likiwa kali, mnazi wa mwisho uacheni. Utakuwepo kesho.

Sasa mama zangu, na ninyi mnaoajiri.

Madaktari wa KCMC pale Moshi wamekuwa wakieleza kwamba kuanguka kutoka mitini ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kuvunjika uti wa mgongo wanaofikishwa kwao. Mtu akianguka, sisi tunafanyaje? Mmoja anashika mikono, mwingine miguu, tunamkunja, tunampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Mfupa uliokuwa umepata ufa tu, sisi ndio tunaoumalizia. Msimwinue! Kama anapumua na hayuko kwenye hatari nyingine, mwacheni alale. Mmoja ashike kichwa kisigeuke. Tafuteni mlango, ubao, kitanda cha kamba. Watu wanne wamvingirishe kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sawa, ndipo abebwe.

Na akirudi nyumbani miguu haina hisia, mama yangu, mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Tazama makalio, visigino, mgongo. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ndio mwanzo wa kidonda cha kulalia. Wengi hawafi kwa kuanguka. Wanafia kitandani miezi mingi baadaye, kwa vidonda hivyo na magonjwa ya mkojo, na hakuna aliyetuambia kwamba vinazuilika. Mmoja wa wenzangu wa zamani alikwenda hivyo. Mkewe alimpenda na alimhudumia kwa moyo wote, ila hakuna aliyemfundisha kumgeuza. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Waajiri: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka umlinde unayemfanyisha kazi, na vifaa vya kinga ni juu yako. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia, na mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi hakatwi shilingi. Kuna mkandarasi mmoja, simtaji, kijana wake alipoanguka akampa nauli ya kwenda hospitali, na wiki iliyofuata akasema hamjui. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hata ujumbe wa simu hakuna. Vijana, kabla ya kazi ya mkandarasi, mwombeni maandishi hata mistari miwili: jina, kazi, tarehe, malipo. Akikataa kuandika mistari miwili mkiwa wazima, atawaandikia nini mkiwa mmelazwa?

Nimesema vya kutosha. Sasa tutoke nje, pale kwenye mwembe wa ofisi ya kijiji. Kamba imeshapitishwa kwenye tawi tangu asubuhi na nimeligonga shina mwenyewe. Tutafunga gunia la mchanga kwanza, la uzito wa mtu, kila mmoja alishushe kwa zamu mpaka mikono izoee lile fundo. Tukimaliza gunia, tutamshusha mtu. Wenye kamba zao waje nazo, tuzifungue moja moja. Zitakazokutwa na unga ndani tutazikata vipande hapa hapa. Watoto wabaki barazani. Mama zangu, ule mlango mlioletewa umewekwa ukutani. Nahitaji wanne wenu wa kwanza.